Gari Jeupe Lililokuwa la Wageni

Bwana Alleyne,
Meneja, Magari ya Kukodi ya Upepo wa Matumbawe,
Barabara ya Uwanja wa Ndege.

Bwana Meneja,

KUH: GARI JEUPE MLILONIUZIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na umeshakunywa chai. Mimi ni Coralie Trotman wa Six Roads, huku St. Philip. Kila Jumamosi nauza pudini ya viazi vitamu na sauzi, ile nyama ya nguruwe iliyolala kwenye ndimu na tango, na nasikia hata ofisini kwako wapo wanaoila. Zamani ndoo zangu zilibebwa na shemeji yangu Fitzroy, mpaka alipooa mwanamke asiyeivumilia harufu ya nguruwe. Ndipo nikahitaji gari, na ndipo ninyi mlipoingia maishani mwangu. Malalamiko yangu nayapa namba ili usije ukasema mengine hukuyaona.

1. Kuhusu maneno ya muuzaji wenu, Bwana Lisle, yule mwenye tai. Mume wangu Elsworth alimwambia mbele yangu, kwa upole kabisa, "Gari lililokuwa la kukodi silitaki. Mtu akishakodi gari anasahau kwamba alilelewa." Elsworth ameendesha mabasi mpaka kustaafu, na jambo hili kwake ni kama dini. Bwana Lisle akacheka, akalipapasa boneti kama anayembembeleza ng'ombe, akasema, "Mzee wangu, hili lilikodiwa na wastaafu tu kutoka Uingereza. Kanisani, pwani, hotelini. Walikuwa wanaliendesha kama wamebeba mayai."

Nikanunua. Elsworth alirudi nyumbani kwa basi.

Nilipolisafisha nilikuta mchanga wa kutosha kujengea choo, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na nazi chini ya kiti cha dereva. Nazi nzima, Bwana Meneja. Sijui ni mstaafu gani anayeweza kukanyaga breki huku nazi inabingirika miguuni. Shokapu zinalia kama mlango wa banda, na gia ya pili inaingia pale tu inapojisikia.

2. Kuhusu herufi H. Bwana Lisle alinipa gari likiwa bado na kibao chenu cha namba chenye H, ile herufi ya magari ya kukodi, akasema niliendeshe hivyohivyo mpaka karatasi zitoke. Ningependa ujue kwamba hizo zilikuwa siku bora kuliko zote nilizowahi kuishi katika kisiwa hiki nilichozaliwa. Leseni nilikuwa nimeipata juzi tu. Gari lilinizimikia katikati ya kipilefti, na dereva wa basi, mtu mwenye ndevu na haraka zake, akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Taratibu mpenzi, pita tu, uko likizo." Niligeuza gari mahali pasipogeuziwa, na askari akanisimamishia magari mengine, kisha akaniuliza kama nimeshaonja samaki wa Oistins. Mimi, ambaye mama yangu aliuza samaki Oistins.

Kisha karatasi zikatoka, mkaichukua H yenu, mkanipa kibao cha kawaida. Kesho yake, kipilefti kilekile, gari likanizimikia vilevile. Nadhani ni dereva yuleyule. Akasema, "We mama, hilo ni gari au kitanda? Kama umelala, tuambie tukazime taa."

Naomba unieleze, Bwana Meneja, ni wapi imeandikwa kwamba wageni wavumiliwe na sisi tutukanwe. Ikiwa haiwezekani kubadilisha tabia za watu, basi nirudishiwe H yangu. Niko tayari kuvaa kofia ya majani na kujipaka mafuta ya jua.

3. Kuhusu wateja wenu Bwana na Bi. Pelham. Hawa walikuja Jumamosi moja kula sauzi yangu, wakiwa likizo kwa mara nyingine. Bi. Pelham alikuwa kwenye foleni na sahani mkononi, akaliona gari langu limeegeshwa pembeni, akagusa bonyeo lililoko kwenye mlango wa nyuma na kumwita mumewe. "Derek, njoo uone. Si ndilo letu hili?"

Derek akaja. Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa ukoo. Wakaanza kusimulia, na foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Hili tulilipitisha kwenye mashamba ya miwa kule St. Andrew, mvua inanyesha," akasema Bi. Pelham. "Likakwama kwenye tope mpaka milangoni. Derek akalitoa kwa rivasi, moshi ukatuzunguka, nikadhani tunaungua."

"Na ule mlima wa Bathsheba," akasema Derek. "Tuliushuka wote na kuupanda wote, breki ya mkono iko juu. Nilikuwa nadhani hizi gari za huku ndivyo zilivyo, nzito."

Nikawauliza, kwa adabu ya mtu anayeuza chakula, kama kwao Uingereza wana gari.

"Tunalo," akasema Bi. Pelham. "La kijani. Derek haniruhusu hata kula biskuti ndani yake."

Niliuliza pia kazi zao. Wote wawili ni wastaafu. Kwa hiyo Bwana Lisle hakunidanganya hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

4. Kuhusu mume wangu. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito.

Tangu siku niliyolinunua gari, Elsworth hakuwahi kuliingia. Jumapili mimi nilikwenda kanisani kwa gari, yeye kwa basi, tukawa tunasalimiana mlangoni kama watu waliofahamiana zamani. Nyumbani aliongea na redio. Nilianza kuogopa, Bwana Meneja, maana ukimya wa nyumba ya watu wawili si kitu cha kuchezea, na usiku nilikuwa najiuliza kama gari lina thamani hiyo.

Siku ya akina Pelham alikuwepo, ameketi anakula, amesikia kila neno. Nikajiandaa kuambiwa "nilikuambia." Aliweka uma chini. Akaenda akafungua boneti, akasimama pale mpaka chakula chake kikaliwa na nzi.

"Breki ya mkono iko juu," akasema.

"Ndivyo walivyosema," nikamjibu.

"Na likapanda."

"Likapanda, Elsworth."

Akafunga boneti taratibu, kama anayefunika mtoto. "Mke wangu, kama wale hawakuliua, hata wewe huwezi."

Hayo yalikuwa maneno yake marefu zaidi kwangu tangu siku ya ununuzi, na nakiri niliingia jikoni nikajifuta macho kwa aproni. Lakini usifurahi mapema. Toka hapo, Elsworth amebadilisha shokapu, ameitiisha gia ya pili, na usiku analifunika kwa shuka langu la harusi. Jumapili hunipeleka pwani polepole, na hunifungulia mlango, jambo ambalo hakulifanya hata tulipokuwa wachumba. Nilipotaka kupakia ndoo zangu, alisimama mbele ya buti, mikono kiunoni. "Nguruwe humu? Coralie, gari hili limeshateseka vya kutosha."

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda basi, ndoo katikati ya magoti, supu ya ndimu inanimwagikia viatuni, wakati gari nililolinunua kwa ajili ya ndoo hizo limelala nyumbani chini ya shuka.

Hivyo basi, kwa heshima zote, nadai mlichukue gari lenu na kunipa lingine ambalo halijawahi kuonewa na mtu yeyote, ili mume wangu asipate sababu ya kulionea huruma.

Nisalimie wote hapo ofisini, wanaoosha magari na wanaoyapokea yakirudi yamepinda, na Bwana Lisle mwambie tai ilimpendeza. Mkeo pia msalimie, ingawa hatujaonana.

Wako katika subira,
Coralie Trotman (Bi.)

Baada ya sahihi: Mkija kulichukua, msije Jumapili, tunakuwa nalo pwani. Jumatatu linaoshwa. Siku nyingine nitawapigia simu mimi mwenyewe, msijisumbue kuniuliza. Halafu Jumamosi hii nimepata kazi ya harusi kule St. Lucy, na barabara ya kwao imechimbika vibaya, siwezi kulipitisha jeupe langu pale hata kwa dawa. Naomba unikodishie gari la siku moja. Likiwa na buti kubwa inatosha. Mengine siulizi, nawe jioni usiniulize.