Habari ya Vasumatiben Alivyoliteka Paa kwa Goti la Chuma

Sogeeni, enyi mnaopanda ngazi bila kuzifikiri, nanyi mnaozifikiri tangu asubuhi kabla ya kuzipanda jioni; wekeni chini vikombe vyenu vya chai, zizimeni simu zenu, mnipe masikio yote mawili, maana nasimulia jambo zito lililotukia katika uchochoro wetu wa Ahmedabad ya zamani, katika msimu wa joto lile linalokausha hata ulimi wa kunguru, mvua ikiwa ingali uvumi tu wa redioni. Sisimulii habari za wafalme na ndovu wao. Nasimulia habari ya Vasumatiben, mke wa Ramniklal mstaafu wa benki, mwanamke wa kimo kifupi na sauti ndefu, Malkia wa Jiko, Kiboko ya Wauza Mboga. Wala sikuisikia kwa mtu. Nyumba yangu inatazamana na yake, na uchochoro wetu ni mwembamba hivi kwamba yeye akipiga chafya kwake, mimi humwombea afya kwangu.

Ama chanzo cha vita ni hiki: goti la kulia la Vasumatiben liliasi. Lilikuwa limemtumikia kwa utii tangu usichana wake. Likamchuchumaza jikoni, likampigisha magoti hekaluni, likampandisha na kumshusha. Kisha likaanza kunung'unika. Kisha likaanza kulia kama mlango wa ghala. Mwisho likakataa kukunjika, na likikunjwa kwa nguvu lilikataa kunyooka. Akalipelekea wajumbe wa amani, mafuta ya ufuta, mchanga wa moto, majani ya mbono yaliyofungwa kwa kitambaa, nalo likawapokea wote lisirudishe hata mmoja wala lisitoe shukrani.

Hapo ndipo alipolipoteza paa. Maana nyumba zetu zina paa la kukanyagika, na ngazi ya kulifikia ni nyembamba, ya mawe, imesimama karibu wima. Na huko juu ndiko ulikokuwa ufalme wake. Huko alianika papadi, vile vichapati vyembamba vya dengu, na pilipili, na huko, kila mwaka kabla ya mvua, aliweka chungu cha chhundo, ile achari ya embe mbichi zilizokwanguliwa, zikachanganywa na sukari na viungo, isiyoguswa na moto hata kidogo, ikaivishwa na jua peke yake, mradi ikorogwe kila siku. Watu wamewahi kununiana kwa ajili ya kijiko cha chhundo hiyo. Na sasa miaka ilipita, mwenye ufalme yuko chini, amekaa kitini, anauliza wengine kama kuna jua.

Ndipo Ramniklal akamkokota kwa daktari wa mifupa. Daktari akaitazama picha, akasema, "Mama, hapa hakuna cha kupaka tena. Mfupa unasaga mfupa. Goti libadilishwe."

"Libadilishwe na la nani?"

"La chuma na plastiki, mama. Jipya kabisa."

Akanyamaza njia nzima ya kurudi, jambo ambalo Ramniklal aliliona la kutisha kuliko ugonjwa wenyewe. Alipofika nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Ketan, waambie nitakwenda. Lakini wasinicheleweshe nikapata akili."

Wakamchelewesha. Kwani adui wa kwanza hakuwa kisu bali sukari, iliyokuwa imepanda katika damu yake, na daktari aliapa kutomgusa mpaka ishuke. Zikakomeshwa jalebi za Jumapili, ukakomeshwa wali wa maziwa. Akapimwa moyo, akapimwa mkojo, akafunguliwa kinywa, likaonekana jino bovu ambalo, walisema, laweza kupeleka sumu mpaka kwenye goti jipya. Basi mwanamke aliyekwenda kwa ajili ya goti akarudi hana gego. Akafundishwa kulala chali na kulikandamiza taulo lililoviringishwa kwa nyuma ya goti, ili paja lipate nguvu, naye akalikandamiza kwa hasira ya mtu anayekumbuka jalebi. Mikeka ikaondolewa sakafuni isije ikamtega. Kitanda kikateremshwa sebuleni. Na Ramniklal, ambaye aliapa kufunga pamoja naye, siku moja alisikiwa chooni.

"Baba Ketan, unatafuna nini huko?"

"Napiga mswaki."

"Mswaki wako una iliki?"

Siku ya mapambano ikafika. Wakamchoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, lakini masikio hayakufa, na nyuma ya pazia akasikia msumeno, kisha akasikia ko! ko! ko!

"Daktari, hiyo ni nyundo?"

"Ndiyo mama. Tulia."

"Apige taratibu huyo fundi wako. Nyumba ni ya zamani."

Wanasema daktari alilazimika kusimama mpaka kicheko kimwishe.

Enyi mnaosikiliza, msidhani vita vilikwisha pale. Pale ndipo vilipoanza. Maana kesho yake walimsimamisha, akaishika fremu ya kutembelea kama mtu anayeshika mlingoti katika tufani, akapiga hatua, akawataja miungu wote kwa majina na wengine kwa ukoo. Na aliporudi nyumbani wakamletea mtaalamu wa mazoezi, Shabnam, binti mwembamba mwenye sauti ya asali na viganja vya koleo.

"Mama, kunja."

"Nimekunja."

"Hapo hujakunja. Hapo umefikiria kukunja. Haya, tena, mama yangu."

"Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Anajua kazi unayoifanya?"

Ndivyo walivyopigana kila asubuhi. Lakini alasiri moja, Shabnam amekwisha kwenda, Vasumatiben aligeukia ukutani akalia, si kwa kelele zake za kawaida bali kwa sauti ndogo ambayo hata mimi ng'ambo ya pili sikuisikia. Ramniklal ndiye aliyenihadithia. Mkewe alimwambia, "Nilikuwa natembea vibaya, lakini nilikuwa natembea. Nimejipeleka mwenyewe nikakatwe." Na Ramniklal, ambaye tangu azaliwe hajapata kuliona neno la kufaa kwa wakati wake, alileta barafu, akaifunga kwa taulo, akaishikilia juu ya goti kwa mikono yake miwili mpaka vidole vikafa ganzi.

"Iache sasa," akamwambia. "Vidole vyako vimekwisha."

"Nilikuwa sivitumii."

Akacheka. Kesho yake akakunja.

Sasa simulizi hili lafaa limpishe Taraben, dada yake Ramniklal, aliyewasili kutoka Surat kuja kusaidia, mwanamke mrefu aliyekuwa na maoni juu ya kila sufuria, na kabla jua halijachwa alikuwa na funguo za kila kabati. Msimu wa embe ulipopamba moto, Vasumatiben akaomba aletewe embe mbichi, akazikwangua akiwa kitini, mguu umenyooshwa mbele kama mzinga.

"Wifi," Taraben akasema, "siku hizi watu wanaipika kwenye gesi. Nusu saa, umemaliza."

"Wifi, siku hizi watu wanalia msibani huku wanajipiga picha. Mimi mwenzio niache na ushamba wangu."

Basi Ramniklal akakipandisha chungu paani, kimefungwa kitambaa chepesi mdomoni, na Taraben akala kiapo kwamba atakuwa akipanda kila siku kukoroga. Na kila jioni Malkia wa Jiko aliuliza kutoka kitandani, "Inaendeleaje?" na kila jioni Taraben alijibu, "Iko sawa, wifi. Iko sawa kabisa."

Wakati huohuo Shabnam akamhamisha kutoka fremu kwenda mkongojo, akamfundisha kupanda vidaraja vya mlangoni. "Kupanda, unatanguliza mguu mzima, wa chuma unafuata. Kushuka ni tofauti, tutajifunza wiki ijayo. Na ile ngazi ya paani, mama, usiitazame hata."

Ikawa mchana mmoja Ramniklal amekwenda kwa kinyozi, Taraben analala chumba cha ndani kwa mkoromo wa haki, nami niko juu kwangu naanua nguo, mara anga ikawa nyeusi upande wa mtoni, upepo ukaja na harufu ya vumbi lililolowa, na tone la kwanza likaniangukia puani. Nikasikia kutoka chini kilio kikuu.

"Tara! Achari!"

Mkoromo ukajibu.

"Tara!"

Kisha kupitia tundu la dirisha la ngazi yao nikasikia mkongojo, ko, ukigonga jiwe. Nywele zikanisisimka. Nikapiga kelele, "Vasumatiben! Ngoja nizunguke nije!"

"Ukija nitakulaani wewe na nguo zako!"

Naye akaikabili ngazi, akainenea kwa sauti iliyojaa uchochoro: "Ewe ngazi, uliyemnyima mwenye nyumba nyumba yake! Ulilijua lile goti nililozaliwa nalo, lililokuogopa. Hili la leo halikujui wala halina habari nawe. Nipishe!"

Akapanda. Mguu mzima, kisha wa chuma. Akishika ukuta, akishika hewa, akitweta, akipumzika, akitukana. Ngazi ikamkunjia kona, naye akaikunjia goti, na lile goti, ambalo Shabnam alilisihi kwa majuma lifike pembe yake, likafika na kupita. Hata nikaona, kwenye mlango wa paa, kwanza mkongojo, kisha mvi, kisha uso mwekundu kama pilipili zilizoanikwa. Sikuwa na tarumbeta. Nikapiga ndoo.

Yeye hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye chungu, akainama juu ya kitambaa, akatulia. Lile fundo lilikuwa lake mwenyewe, alilolifunga siku ya kwanza kwa mkono wake. Halijafunguliwa hata mara moja. Akalifungua: juu pamekauka utando, sukari imelala chini imeshikana. Nikamwona akifumba mdomo kwa namna ambayo ningekuwa mimi Taraben ningerudi Surat kwa miguu.

Lakini mvua haikumpa nafasi ya hasira. Akakirudishia kitambaa, akakifunika chungu kwa beseni, akaweka tofali juu. Ndipo ikashuka, mvua ya kwanza ya mwaka, kwa ndoo. Naye badala ya kukimbilia kibanda kinachofunika mlango wa ngazi alisimama katikati ya paa lake, ameegemea mkongojo, akainua uso, na maji yakamwosha jasho lote la vita, akatabasamu peke yake kama msichana.

Huko chini mambo yakaharibika. Taraben aliamka akakuta kitanda kitupu. "Wifi! Jamani, wifi hayupo!" Ramniklal akaingia mbio kutoka kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Wakatazama chini ya kitanda. Wakatazama chooni. Ramniklal akaanza kulia.

"Niko paani!" ikashuka sauti.

"Paani wapi?"

"Kwani tuna mapaa mangapi, Baba Ketan?"

Ramniklal akapanda kama mshale. Taraben akaja nyuma yake, na jinsi alivyokuja ndiyo iliyonifanya niache kucheka. Alipanda kwa kukaa, kinyumenyume, akijiinua kwa mikono kutoka kidaraja hadi kidaraja, na alipofika kibandani akabaki ameketi palepale kizingitini, ameyakumbatia magoti yake, hawezi kusimama.

Vasumatiben akamtazama wifi yake yule wa Surat aliyeloa.

"Ulikuwa ukisema iko sawa."

"Ilikuwa sawa nilipoiona mara ya mwisho."

"Mara ya mwisho lini?"

"Ramnik alipoibeba." Taraben akashusha macho. "Magoti yote mawili, wifi. Kwangu nawaambia mimi mvivu tu, nalala sana. Mvivu wanamsema, wanamwacha. Mgonjwa wanamhamishia chumba cha nyuma."

Nikangoja radi. Nikiri kwamba niliingoja kwa hamu, kwa maana Vasumatiben huyu hajapata kumsamehe hata muuza bilinganya. Lakini yeye alijikokota hadi kibandani, akajishusha taratibu akaketi kizingitini, bega kwa bega na adui yake, mguu wa chuma umenyooka mvuani.

Taraben akauliza, kwa sauti ndogo, "Ile nyundo. Inasikika sana?"

"Inasikika. Lakini utadhani wanajenga kwa jirani."

"Na huyo daktari wako anapokea watu wa Surat?"

"Anapokea wenye meno mazuri. Hebu fumbua kinywa."

Wakaangua kicheko, wote wawili, wakashikana, na Ramniklal mwenye nusu ndevu akasimama kati ya mvua asijue kama ni kicheko au kilio. Mvua ilipokatika, chungu kikafunuliwa, ule utando ukavunjwa, Taraben akapewa mwiko akakoroga akiwa ameketi, akisimamiwa kwa ukali. Achari ilipona.

Ndipo ilipodhihirika kwamba mshindi hajui kushuka. Somo hilo lilikuwa la wiki ijayo. Shabnam akapigiwa simu, akapiga yowe lililosikika hadi kwangu, akasema msimguse, nakuja. Basi Ramniklal akapandisha khichdi ya moto, ule wali uliopikwa na dengu, pamoja na vibakuli, na watu wa mapaa ya jirani, waliokuwa wametoka kuinusa mvua, wakaisikia habari, wakapiga sahani kwa vijiko mpaka njiwa wakahama.

Kwa hiyo iandikwe, nanyi mkawaambie watakaozaliwa: mwaka ule, siku ya mvua ya kwanza, Vasumatiben wa uchochoro wetu alilirudisha paa mikononi mwake. Majemadari wangapi wamepanda juu wakaona haya kusema hawajui kushuka, wakaporomoka na majeshi yao? Yeye aliketi, akaomba khichdi iongezwe samli, akamngoja mwalimu.