Nimefungishwa Ndoa ya Kale ya Ireland na Binamu Yangu, na Fundo Nimelikaza Mwenyewe

Jamani, leo nimeaibika. Mara mbili, kwa utepe mmoja.

Naandika haya nikiwa chooni kwa shangazi, Missouri City, pembeni mwa Houston, kwa sababu kila nikipita sebuleni mtu anaanza upya kucheka. (Mlango nimeufunga. Nimehakikisha. Nimehakikisha tena. Mnanijua.)

Nianze mwanzo. Kazini kwetu kule Garland, safari ya basi kutoka hapa, nakaa karibu na Brenda, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Brenda haendi kanisani. Anaabudu miungu ya kale ya mababu zake. Ana wenzake hapa Houston ambao hukutana bustanini, wanavaa mashada ya maua, wanaimba, wanakula keki. Watu wazuri tu. Ila siku hizi wana mzozo: je, binamu na binamu wanaweza kuoana? Wengine wanasema mababu waliruhusu. Wengine wanasema ni kinyaa, mababu wapende wasipende. Brenda akawa analalamika wakati wa chakula cha mchana kwamba hakuna anayejua hasa sheria za kale zilisemaje.

Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye niliyesema, "Niachie hiyo."

(Ndiyo tabia yangu. Kushona nimejifunza mwenyewe mtandaoni. Kusuka vilevile. Nikianza jambo silali mpaka nilijue kuliko wenye nalo. Si sifa, ni ugonjwa.)

Basi nikasoma. Nikajua kwamba kule kale ardhi ilikuwa ya ukoo. Binti asiye na kaka akirithi shamba la baba yake, ukoo ulitaka aolewe humohumo, hata na mtoto wa baba yake mdogo, ili shamba lisihamie kwa wakwe. (Kwetu huyo hata si binamu, ni kaka kabisa. Nilipata kizunguzungu.) Mapadri wakaja, wakakemea. Watu wakaitikia amina, wakaendelea kuoana.

Sasa, Maganga. Maganga ni mtoto wa shangazi yangu, yaani binamu wa kweli. Sisi ni Wasukuma wa Shinyanga, na katika ukoo wetu binamu ni mtani. Tangu utotoni ananiita "mke wangu" nami namwita "mume wangu", na hakuna anayeshtuka. Kuoana kwenyewe? Mungu apishe mbali!

Leo ilikuwa siku yake kubwa. Mama wa mchumba wake Joselyne, mama wa Kirundi asiye na mchezo, alikuwa anakuja kwa shangazi alasiri kutoa jibu la mwisho la posa. Maganga mwenyewe alikuwa amempendeza. Shaka yake ilikuwa moja tu: asije akawa na mwanamke mwingine pembeni.

Maganga akanipokea kwenye basi, akanipeleka bustanini kwa akina Brenda nikawaeleze niliyoyasoma.

"Nusu saa tu, Kabula. Mama Joselyne akifika mimi sipo, nakutoa roho."

"Nusu saa, mume wangu."

Niliongea vizuri, jamani. Wallahi, na mimi ni Mkatoliki. Sauti haikutetemeka. Mzozo ukawaka kama nilivyotarajia. Kijana mmoja akasema miungu yenyewe ilioana dada na kaka, sisi ni nani? Jamaa mwenye ndevu akasema yeye kwa binamu zake hata kuwakumbatia hataki. Halafu mama mwenye mvi, ndiye kiongozi wao, akamgeukia Maganga aliyekuwa anajisevia keki.

"Na wewe, kijana, ni nani?"

"Mimi? Mimi ni mume wake," Maganga akajibu kwa Kiingereza, mdomo umejaa. "Na ni binamu yake."

Shinyanga hapo watu wangecheka, wangemtupia tusi, mambo yangeisha. Houston hapo watu waliweka sahani chini.

"Anatania!" nikasema haraka. "Kwetu kila binamu ni mke wa binamu yake!"

(Hebu isome tena hiyo sentensi. Ndiyo niliyotoa. Kama ufafanuzi.)

Brenda akaanza kulia. "Kabula! Umekaa na siri hii karibu yangu siku zote hizi?"

"Siyo siri, Brenda. Ni utani."

"Hapa hakuna wa kukuhukumu."

Yule mwenye ndevu akasimama akaniomba radhi, machozi yanamlenga. Alisema neno kinyaa lilimtoka kabla hajaona nyuso zetu. Na mama mwenye mvi akachomoa utepe wa kijani kwenye mkoba. Akasema mababu wametutambua, na kikundi chao nacho kinatutambua. Watatufungisha ndoa ya kufunga mikono, ya mwaka mmoja na siku moja. Ikiisha, tukipendana tunaendelea. Tusipopendana, kila mtu njia yake.

Maganga akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Kubali tuondoke. Muda umekwenda."

Nikakubali. Watu wanaolia siwawezi.

Na ingeishia hapo! Ila yule mama alitufunga mikono kwa fundo legelege, kama la kamba ya kiatu cha mtoto wa chekechea. Mimi video za mafundo hayo nilikuwa nimeziangalia zote. Nikalitazama. Nikajizuia. Nikashindwa.

"Samahani, mama, siyo hivyo. Upande huu unapita chini."

Nikalifungua, nikalifunga upya kwa mkono uliobaki na meno. Fundo likakaa sawasawa. Wakapiga makofi, wakanivisha shada la maua.

Ndani ya gari, mkono wake wa kulia, mkono wangu wa kushoto.

"Fungua."

"Nafungua."

"Kabula, fungua!"

"Ukivuta linakaza! Ndivyo lilivyotengenezwa!"

"Na nani kalitengeneza?"

Joto la Houston mnalijua. Jasho lilikwisha kulowesha utepe, na fundo limekuwa jiwe. Maganga akajaribu meno. Wapi. Kusimama dukani kununua mkasi hakuna muda. Tukapanga: tuingie kwa mlango wa gereji, tupite jikoni, mkasi upo kwenye droo, wageni hawataona kitu.

Wageni walifika mapema. (Waafrika gani hao?)

Maganga akabonyeza rimoti. Mlango wa gereji ukaanza kupanda polepole, kama pazia la jukwaa. Tukaona viatu. Tukaona kitenge. Tukaona Mama Joselyne mzima, kabeba viti viwili vya plastiki, anamsaidia shangazi kuvipeleka ndani.

Na kushuka ilibidi tushukie mlango mmoja. Maganga akatangulia, nami nikatambaa nyuma yake juu ya usukani, shada kichwani. Nikapiga honi kwa goti.

Mama Joselyne akatutazama. "Maganga. Huyu ni bibi yako?"

Nikawaka. "Bibi? Mama, mimi hata thelathini sijafika!"

(Kumbe Kiswahili cha Bujumbura bibi ni mke. Sheria za Ireland nazijua, hilo sikulijua.)

"Umri siulizi. Ni bibi yake ao hapana?"

"Hapana, mama!" Maganga akadakia. "Ni binamu yangu!"

"Binamu ni nini?"

"Ni mtoto wa kaka yangu," shangazi akasema, huku akitafuta pa kushika.

Mama Joselyne akaangalia utepe. Akaangalia shada. Akaweka viti chini, kimoja kimoja. Nilimwona Maganga anafumba macho, na mimi nikajua nimeua posa ya mtu.

"Muvyara?" akasema. "Ule ni *muvyara* wake?"

Mabega yakaanza kumtikisika. Halafu akacheka mpaka akakikalia kimoja cha vile viti. Kumbe hata kwao Burundi mtoto wa shangazi, ndiye muvyara, ni mtani!

"Muvyara wangu siku ya harusi yangu alificha viatu vyangu," akasema akijifuta macho. "Lakini kujifunga kamba! Nyinyi mumezidisha."

Akaenda jikoni, akarudi na kisu cha keki, akakata utepe. "Nimewaachanisha. Sasa kijana yuko huru, tuongee."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza.

"Kwa utaratibu wao, mama, ilibidi tungoje mwaka mmoja na siku—"

"Kabula!" Wote watatu.

Posa imepita. Mama Joselyne ameshaagiza kwamba siku ya harusi nisikaribie kitu chochote chenye kamba. Na Brenda ametuma ujumbe wa pongezi wenye mioyo mingi, sijui Jumatatu nitamwambia nini.

Chekeni kimyakimya, tafadhali. Mimi ni mtalaka wa leoleo. (Kipande chenye fundo ninacho mfukoni. Mpaka sasa halijalegea. Fundo zuri, jamani.)