Gari la Buluu la Zdravka

Plovdiv, Jumatatu, 7 Aprili

Mke wangu Zdravka,

Wamebandika bango mlangoni. Mtaa wetu unakuwa wa waenda kwa miguu. Mawe mapya, miti, viti vya kupumzikia. Magari yote yawe yameondoka kufikia Jumatatu ijayo. Yote! Hata lako.

Nilimfuata mhandisi wa manispaa, binti mpole, Iliyana, buti zimejaa vumbi. Nikamweleza kwamba hili gari lako la Moskvich halimsumbui mtu, halijawashwa tangu Oktoba. Akasema, mzee wangu, gari lisilowashwa ni kabati. Nikasema vizuri, basi ni kabati, liacheni. Akacheka. Lakini namba ya gari aliiandika.

Kuendesha siwezi, unajua. Ulizoea kusema kwamba hata toroli la bustani ningeligongesha ukutani. Na ndani kuna skafu yako, glavu yako ya kushoto, na pipi zako za mnanaa kwenye dashibodi. Kila asubuhi nashuka nakaa kiti cha abiria. Kiti changu. Wakilichukua gari, nitashuka niende wapi?

Rumen wa ghorofa ya chini anafungua mkahawa. Alikuwa akilizunguka gari lako kama fundi cherehani anayempima bwana harusi. Hapa zitaenea meza nne, akasema, tena kivulini. Akaniahidi kahawa ya kwanza bure. Nikamwambia bora ninywe sumu. Akasema nisijali, mkewe ndiye atakayeipika, ni yale yale.

Nina mpango.

Jumanne, 8 Aprili

Zdravka, sikiliza. Kwenye mchoro wao kuna vitanda vya maua mtaa mzima. Hakuna palipoandikwa kitanda kitengenezwe kwa kitu gani!

Nimebeba udongo kutoka uani kwa ndoo yetu ya kabichi ya chumvi. Nimeumwaga juu ya paa la gari, nikazungushia mbao. Nimepanda zdravets, lile ua lenye jina lako. Mgongo umekufa. Lakini gari limependeza mno. Wapita njia wawili wamepiga picha.

Iliyana alikuja akalitazama kwa muda. Akasema maua ni mazuri, mzee wangu, maua yabaki. Nikashangilia. Akasema kilicho chini yake ndicho kiondoke.

Hakusema limekataliwa kabisa. Nimeona usoni.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mungu gani huyu!

Paa limebonyea. Tope limepita kwenye mpira wa kioo likaingia ndani. Skafu yako imelowa. Niliifua kwa maji ya vuguvugu, nikaianika juu ya kipasha joto cha chumbani. Sasa inanukia sabuni. Ilikuwa inanukia wewe.

Rumen akasimama mlangoni, mikono kifuani. Akauliza, jirani, umepanda maua au umezika gari? Nikamwambia aende akapike maji yake machafu. Hapo akaacha kucheka. Akasema, Mzee Metodi, mtu mwingine angepinga mtaa huu kufungiwa magari, ningemwelewa. Lakini wewe! Mama Zdravka alitokea nyuma ya gari hilihili kwenda kununua mkate, na dereva aliyekuwa akipita hakumwona, akamgonga. Wewe ndiye uliyepaswa kuing'oa lami hii kwa kucha.

 Nikapanda ngazi kurudi kwangu.

Rumen hana adabu. Hata baba yake hakuwa nayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata! Tena ni rahisi hata naona haya.

Katika mji huu mtu ataiba mlango wako, lakini karatasi ya tanzia iliyobandikwa juu yake hataichana. Kwenye nguzo ya kituo cha basi bado yupo yule marehemu mwalimu wa hesabu, amefifia mpaka miwani imebaki bila uso, na bado wanapaka nguzo rangi kwa kumzunguka. Na Jumamosi wewe unatimiza miezi sita. Kwa desturi yetu, karatasi mpya zenye picha yako lazima zitoke kwa vyovyote. Nani kasema nizibandike mlangoni tu?

Nilikwenda kwa mama wa uchapaji karibu na kanisa. Nikampa ile picha ya pwani, tumekaa juu ya boneti, upepo umekupeperusha nywele. Ndiyo pekee ambayo unacheka. Nyingine zote umetazama kamera kama inakudai. Akauliza kama anikate mimi, ubaki peke yako. Nikamwambia asithubutu, mkono wangu umekushika bega, atakukata na bega. Akanitazama kwa huruma, akachapa.

Nimelibandika gari lote. Milango, vioo, boneti, hata kifuniko cha tangi. Unacheka kila upande.

Ijumaa, 11 Aprili

Ushindi! Asubuhi mafundi walifika na nyundo za umeme. Wakaliona gari. Wakavua kofia! Msimamizi wao akaamuru waanzie upande wa pili wa mtaa. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikacheza ngoma jikoni nikiwa na soksi tu miguuni.

Kisha nikaona ajabu. Jirani wa ghorofa ya pili akaweka maua kwenye boneti. Mashada mawili. Halafu mke wa Rumen akajipiga ishara ya msalaba, akasema maskini, hawakuweza kuachana, kamfuata upesi hivi.

Kamfuata nani?

Zdravka, wananihesabu mimi pia. Picha ina watu wawili!

Nilitaka kufungua dirisha niseme nipo. Lakini Rumen akatoka na mshumaa. Akauwasha kwenye bampa. Akasimama, mwanamume mzima, machozi yanamtiririka. Akasema mzee alikuwa mbishi kama nyumbu, lakini nani sasa atamtukana asubuhi?

Nikafunga pazia. Mkate umeisha. Siwezi kwenda dukani, mimi ni marehemu.

Jumamosi, 12 Aprili

Miezi sita leo.

Njaa. Nikakumbuka pipi zako. Kabla mtaa haujaamka nikashuka kwa kunyata, nikaingia garini, nikakaa kiti changu. Kwa sababu ya karatasi kwenye vioo, mwanga ulikuwa mweupe kama wa hospitali. Nikala pipi moja. Moja tu, zisiishe. Nadhani nikasinzia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Rumen, amebeba sahani ya ngano ya kuchemsha yenye sukari, ya kutuombea sisi wawili. Alitaka kuiweka kitini. Tukatazamana.

Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mwanamume. Ngano ikaruka mpaka kwenye usukani. Alipopata pumzi akaniita shetani, mwizi wa machozi, akadai nimrudishie mshumaa wake. Mtaa wote ukatoka na nguo za kulalia. Nikasema samahanini, nilikuwa nimekuja kuchukua pipi.

Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Watu wamerudi kutoka kanisani na matawi ya mierebi wakayaweka juu ya milango. Juu ya mlango wangu limewekwa moja. Sijui nani. Rumen anasema si yeye, tena anasema kabla sijamuuliza.

Jioni Iliyana akaja na beseni la maji ya moto na sifongo. Siku ya mapumziko! Akazibandua karatasi moja moja, polepole, hakuna hata moja iliyochanika. Akazikunja akanipa. Nikamshikia beseni. Akaniambia kwamba hapo patawekwa benchi, niseme tu lielekee wapi. Nikaenda kumwaga maji ya beseni.

Jumatatu, 14 Aprili

Walikuja na lori la winchi. Nilikuwa nimeshatoa skafu, glavu na pipi. Gari lilining'inia hewani likimwaga udongo na maua, na ngano ya Rumen.

Chini yake pamebaki doa la oili na lami kavu, umbo lake kamili.

Nilisimama mlangoni pale ulipokuwa ukisimama kuvaa glavu. Sasa mtu akitoka anaona mpaka kwenye duka la mkate. Kushoto anaona, kulia anaona. Hakuna kinachoziba. Nilisimama mpaka Rumen akaja kunishika kiwiko, akasema kahawa inapoa, mzee, na si mke wangu aliyeipika.

Niliinywa. Mbaya sana.

Halafu akaniambia, bila kujua anachokisema, kwamba huko Asenovgrad kuna mtu anauza Moskvich ya buluu. Haina injini, lakini inasukumika. Nimeshapita kwa mama wa uchapaji kuagiza karatasi za gari hilo. Safari hii nimemwambia akuchape peke yako, mimi anikate, ubaki na mkono wangu begani.

Huko uliko, Zdravka, nikumbuke.