Joto Langu Halitoki Nje

Jumatatu, tarehe 6
Jiko limefika! La chuma, miguu minne, tumbo kama pipa, linakula kuni na makaa ya mawe. Tumelibeba wanaume wanne, aliyelalamika ni mmoja tu (mimi). Mama mkwe anaishi nasi tangu mwezi jana na baridi inamtafuna magoti. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshatangaza kwamba atamchukua kwake, kwenye nyumba yake mpya. Mke wangu naye kasema mama akiondoka kwa sababu ya baridi, wanaondoka wote wawili. Kwa hiyo hii ni vita ya joto. Nitashinda.

Jumanne, tarehe 7
Fundi kafunga bomba la moshi na kunipa maelezo chungu nzima. Kwenye bomba kuna mkono: ukiusimamisha bomba liko wazi, ukiulaza linaziba. Nisiulaze kamwe jiko likiwa na moto. Niache hewa iingie chumbani. Majivu niyatie kwenye debe, niliweke nje. Nikaitikia kila neno. Alipoondoka nikapanda ngazi, nikagusa bomba kwa nje. La moto! Yaani kuni zangu zinawapasha kunguru? Nimeulaza mkono nusu. Fundi anajua kufunga, kubana matumizi hajui.

Jumatano, tarehe 8
Sebule joto mpaka raha. Mama mkwe kavua soksi, kaniita mwanangu. Mwanangu! Miaka tisa nilikuwa "huyu". Jioni kasema kichwa kinamgonga. Mke wangu vilevile. Nami pia, ingawa kutwa nzima dukani nilikuwa mzima, nilipovuka kizingiti tu kikaanza. Nimechunguza: dukani mama mkwe hayupo, nyumbani yupo. Nitazoea. Paka kahamia kwa jirani, hana shukrani.

Alhamisi, tarehe 9. Au Ijumaa
Nimetia chumvi kwenye chai, nikanywa, nikaongeza. Mke wangu kaniuliza swali, nikajibu, kisha wote wawili tukasahau swali lilikuwa nini. Mama mkwe kafungua dirisha. Nikalifunga. Kalifungua. Anadai hewa ni nzito. Ndipo nikagutuka: shemeji alimpigia simu asubuhi! Wanataka nyumba ipoe ili nionekane nimeshindwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelipigilia dirisha misumari mitano na kusokomeza matambara chini ya mlango. Kuni zilipogeuka makaa na moshi kwisha, nikaulaza mkono kabisa. Hakuna moshi, hakuna shida.

Jumamosi, tarehe 11
Naandika nikiwa kwenye ngazi za jirani, nimefunikwa blanketi. Baada ya chakula cha mchana mke wangu alisimama akusanye vikombe, akaanguka. Nikataka kumwinua, miguu ikakataa, nikakaa sakafuni kando yake nikiwaza habari za viatu. Mama mkwe akainua bakora, akavunja kioo, kisha akatuburura mmoja mmoja hadi uani. Kwa magoti yaleyale! Nilimwita mke wangu mara tatu kabla hajafumbua macho. Sijawahi kuogopa namna ile, na sitaki tena.

Daktari kasema atapona. Fundi naye kaja, kautazama mkono wa bomba, kavua kofia. Kasema, "Bosi, moshi unaukimbia kwa sababu unauona. Hewa inayoua haina rangi wala harufu, na wewe umeifungia ndani na familia yako." Nikaitikia kwa kichwa. Lakini kama haionekani, yeye kaionaje?

Jumapili, tarehe 12
Shemeji kaja na gari. Mama mkwe kawa wa kwanza kupanda. Nimekuwa "huyu" tena. Mke wangu alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Nitarudi siku utakayoelewa ulichofanya." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nimezunguka vyumba vyote na sikujua nilikuwa natafuta nini.

Jumanne, tarehe 14
Siku mbili nimewaza, upepo ukinipiga kupitia kioo kilichovunjika. Kichwa hakiumi hata kidogo, nadhani ni kwa sababu mama mkwe kaondoka. Na nimeelewa! Nyumba yangu ni kuukuu, ina nyufa kila kona, ndiyo maana nililazimika kupigilia na kusokomeza mpaka mambo yakaharibika. Kosa si langu wala si la jiko, ni la kuta. Nyumba ya shemeji, kwa upande wake, ina vioo viwili viwili na milango inayobana mpaka mbu hapiti.

Nimempigia mke wangu simu kumwambia nimeelewa. Kaniambia kwa upole niende huko kwa shemeji kesho. Mama pia kakubali niende. Nilikaribia kulia. Wabebaji nimeshawapata, tutafika na jiko saa nne asubuhi, wala sijamwambia, nataka afurahi kwa ghafla. Bomba tutaliacha hapa. Si adabu kumtobolea mtu ukuta mpya.