Nywele za Chausiku na Ushauri wa Mtani

Jumatatu, 9 Juni

Umri wangu miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, kaka wanne, na daktari aliyenikataza chumvi. Viwanda vitatu nilivyofanyia kazi vimekufa, mie nipo. Magodoro ya sufi, niliyoyashona hapa Kiwalani miaka thelathini na tano, nayo yamekufa. Watu siku hizi wanalalia sponji. Mie nipo. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, na mwalimu alisema mwandiko kama wangu hajapata kuuona.

Leo binti yangu Munira kaniletea mjukuu. Chausiku, miaka sita. Munira kapata kazi ya jikoni hotelini, zamu za alfajiri. Anakwenda Morogoro kufundishwa, anarudi Jumapili. Akirudi ndiyo ataamua mtoto akae wapi moja kwa moja. Kwangu, au Mabibo kwa Bi Zubeda, bibi yake mzaa baba. Bi Zubeda ana televisheni pana kama mlango. Mie nina redio. Lakini nyumba hii tangu mwaka juzi haina mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Nikamwambia Munira, hakuna kitu cha mtoto kinachonishinda. Akasema kula atakula, kulala atalala, wasiwasi wake ni nywele. Mtoto kafumuliwa mabutu jana, hazijaoshwa. Baba, ukikimudu kichwa hiki, mengine yote utayamudu. Na asinyolewe! Hilo kalisema mara tatu, kama nimeibiwa masikio.

Kaacha mfuko. Chanuo, shampuu, chupa ya kupulizia maji, mafuta ya nazi. Na karatasi ya maelekezo, kurasa mbili. Kurasa mbili za nywele! Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza, maana ilikuwa inacheza. Sasa imetulia. Karatasi nzuri.

Jumanne, 10 Juni

Kazi imeanza. Fundi hupima kwanza. Nikavuta unywele wa utosini, nikaweka futi kamba. Inchi tisa. Nimeandika ukutani kwa mkaa.

Shampuu nimeiona ni majimaji tu, nikachukua sabuni ya mche. Nikafikicha kichwa mzunguko, mzunguko, kama kola ya shati la gereji. Povu likafika mlangoni. Chausiku kakunja uso lakini hakulia. Damu yangu hiyo. Kisha nikamkalisha juani kwenye kigoda. Sufi ukiianika inaumuka, na nywele ni sufi ya kichwa. Nani asiyejua.

Saa saba nikapima. Sikuvuta, niliweka tu futi kamba pembeni. Inchi mbili na nusu!

Inchi sita na nusu zimekwenda wapi? Nikatafuta kwenye karo. Nikatafuta chini ya kigoda. Kuku wa jirani nikamtazama usoni.

Hapo Marietha akachungulia juu ya ukuta. Huyu ni msusi, kibanda chake kimeegemea ukuta wangu upande wa barabarani. Mnyamwezi wa Urambo. Mie Mzaramo. Kwa hiyo ni mtani wangu, tangu mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutania hata msibani na huna ruhusa ya kununa. Akauliza, we Mzaramo, umeshaziuza na nywele kama mlivyouza viwanja? Nikamwambia atafute mzigo wake aubebe, arudi Tabora kwa miguu kama babu zake. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Kisha akasema eti nywele zipo zote, zimejikunja tu. Nizipulizie maji, nipake mafuta, nizigawe mafungu, nichane kuanzia nchani nikipanda juu. Polepole.

Nikamtazama. Tangu lini mtani akakunyooshea njia? Mwaka jana huyu huyu aliniambia kuna msiba Kipawa. Nikavaa kanzu, nikabeba ubani. Nikakuta harusi. Nikapewa soda.

Mie si wa kuchezewa mara mbili. Jioni nikatumia akili yangu. Nimembana Chausiku vibanio vya nguo kumi na vinne kwenye ncha za nywele, vizivute zirudi. Yeye kafurahi, kakimbia ua mzima, vibanio vikilia kwa-kwa-kwa. Inchi hazikurudi.

Jumatano, 11 Juni

Nimewaza vizuri. Mtani akisema kushoto, nenda kulia. Kasema maji: nitachana kavu. Kasema mafuta: sitii hata tone. Kasema nchani: nitaanzia mzizini nikishuka, kwa nguvu, kama ninavyochambua sufi.

Meno matatu ya chanuo yamekatika. La kwanza limeruka likaingia kwenye chai yangu.

Nywele zikafanya jambo sijaliona duniani. Kila nikivuta, zinashikana. Nikivuta zaidi, zinaitana. Zile za nyuma zimekuja mbele kusaidia za mbele. Nimeshona magodoro ya mabwana shamba, ya mapadri, ya bwana mmoja wa kilo mia na hamsini. Hakuna lililonigomea hivi. Nimewaogopa kidogo wanywele hawa.

Chausiku leo kalia. Sio kwa kelele. Machozi tu, yanashuka yenyewe, huku kashika magoti yangu asianguke. Baadaye akauliza kwa Bibi Zubeda ni mbali? Nikamwambia mbali sana, kuna mito. Akauliza mito mingapi. Nikasema miwili. Naona anaipima.

Chakula cha jioni sikukimaliza.

Alhamisi, 12 Juni

Kichwa kimekuwa godoro. Si mfano. Kidole hakipiti. Pande la nyuma limeshikana ukilibonyeza linarudi. Zimebaki siku tatu Munira aje.

Basi nikapanga. Nitamnyoa, nitasema alipata mapunye, nimemwokoa. Munira atanishukuru. Nikampeleka kwa Deogratias, kinyozi wa kona ya msikiti, kijana wa Kihaya, mstaarabu, anaamkia hata mbuzi. Akanipa shikamoo, akamfunga mtoto kitambaa shingoni, akawasha mashine.

Chausiku hakulia. Kaweka mikono miwili kichwani, kama mtu aliyebeba beseni kwenye upepo. Akamuuliza Deogratias nywele zikibaki hapo sakafuni, zinajua kama mwenyewe kaondoka?

Deogratias kanitazama. Mie nikatazama dari. Nikasema umeme unakatika-katika, tutarudi siku nyingine. Deogratias akasema umeme upo, mzee, mashine si hii inanguruma? Nikamwambia yeye kijana, hajui umeme. Nikamfungua mtoto kitambaa tukatoka.

Nyumbani nikaitoa karatasi chini ya meza. Meza ikayumba, chai ikamwagika, wino ukakimbia kurasa zote mbili. Nimeweza kusoma mahali pamoja tu: tia maji, anzia nchani.

Sawasawa na maneno ya Marietha! Nimefikiri sana. Kuna njia mbili. Ama Marietha kasema kweli, ama Munira na Marietha wamepanga kunifanyia utani. Naona hii ya pili ina nguvu. Lakini mtoto kalala kashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya sala nimekwenda kwa Marietha na kanzu yangu, rasmi. Nikamwambia leo sijaja kiutani. Aape. Akauliza aape kwa nini. Nikasema kwa kaburi la mama yake. Akaapa. Nikasema watani nao huapa kwa utani. Akasema basi babu, kaa hapo, fumba mdomo, fumbua macho. Akamwita Chausiku akamkalisha katikati ya magoti yake.

Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe, mchana, bila miwani.

Kakigawa kichwa mafungu manne. Fungu moja akalipulizia maji. Wanywele wakashtuka! Wakalegea, wakang'aa, wakaanza kushuka. Akashika mmoja akauvuta taratibu: ukafika begani. Akauachia: ukapanda wenyewe ukarudi sikioni. Akauvuta tena. Nikatoa futi kamba. Inchi tisa! Zile zile! Zilikuwemo humo siku zote, zimejiviringa kama futi kamba ya chuma inavyojirudisha kwenye kopo lake. Nikaishika ile futi kamba yangu nikaiona ya kitoto.

Akatia mafuta. Akashika ncha, inchi moja tu ya mwisho, akaipitisha chanuo. Ikipita anapanda kidogo. Ikipita anapanda tena. Mkono mwingine kashikilia juu, mzizi usivutike. Chausiku hakukunja hata kope. Alikuwa anahesabu magari.

Fungu moja likaisha. Marietha akanipa chanuo. Akasema mafungu matatu ni yako, mie nina wateja. Wateja alikuwa naye mmoja, kasinzia.

Nimeketi saa tatu nzima. Kuna fundo nililikuta kisogoni, dogo kama pilipili mtama. Jumatano ningelikata. Leo nikalitia maji, nikalitia mafuta, nikalingojea. Mie! Nilimngoja bwana afya dakika kumi tu mwaka themanini, alipofika nikamfukuza. Fundo likafikiri. Likaachia unywele mmoja. Kisha wa pili. Kisha likafunguka lote vidoleni mwangu, kimya, kama mtu aliyeamua kusamehe. Nimesema subhanallah kwa sauti. Mteja aliyesinzia kaamka.

Kichwa kimoja kina wanywele wangapi? Na kila mmoja umejikunja peke yake, hakuna aliyeupinda, hakuna aliyeuonyesha. Mie kupinda waya mmoja wa springi nilikuwa nahitaji jiriwa ya kuubania na msaidizi.

Hapo nikamkumbuka marehemu Bi Mwanahawa, mke wangu wa pili. Miaka arobaini na moja tumeishi. Kila Alhamisi jioni alijifungia chumbani na beseni, na chupa ya nazi, na mlango. Mie nilikuwaga nagonga nikiuliza chai. Akitoka kajifunga kilemba, mikono imechoka, anaweka chai. Nilidhani alikuwa amelala humo. Miaka arobaini na moja, kazi yote hii, na mie nje nagonga mlango.

Sijamwambia Marietha. Nimesema jicho limeingia mafuta.

Mwisho nikaziona mbichi nikakumbuka Jumanne zilivyokimbilia juu kwenye jua. Nikazisokota, nyuzi mbili mbili, imara, kama uzi wa kushonea godoro, ili zikauke zimeshikana mikono zisirudi. Hilo hakuna aliyenifundisha. Marietha akaja akatazama. Akaguna. Akafungua mdomo, akaufunga. Mtani kukosa neno! Nimeweka tarehe.

Jumamosi, 14 Juni

Zimekauka kivulini. Chausiku kakaa mbele ya kioo, nikazifungua moja moja.

Sijui niandikeje. Zilifunguka kama mvuke unapotoka kwenye sufuria la wali. Nyeusi, nene, zina mawimbi, zimeshuka mpaka shingoni na zimepanda mpaka angani. Ukitikisa zinatikisika baadaye kidogo, kwa wakati wao. Nikampitisha mtaani. Muuza mihogo kasahau kugeuza mihogo. Deogratias katoka dukani na mteja wake nusu kichwa, kasema mzee, umeme umerudi. Mtovu wa adabu, lakini nimemsamehe.

Usiku Chausiku kaniuliza, Babu umekula? Nikasema bado. Akanisogezea sahani.

Jumapili, 15 Juni

Munira kafika saa nne. Kamwona mtoto mlangoni, kaangusha begi. Kaingiza vidole mzizini, vikapita mpaka nchani bila kukwama. Akarudia. Akauliza nani kafanya. Nikasema mie. Chausiku akasema Babu kafanya mafungu matatu, Mama Marietha moja, na vibanio vyote ni Babu. Munira akauliza vibanio gani. Nikamuuliza habari za Morogoro.

Akauliza kama nilisoma karatasi. Nikasema kila neno lililobaki. Akakaa kwenye kigoda. Kisha akapiga simu Mabibo, nikamsikia anamwambia Bi Zubeda asante, mtoto atabaki kwa babu yake, atakuwa anakuja huko sikukuu. Mie nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Marietha kaja kunisalimu kabla hajaenda ibada ya pili. Kashika mkono wangu, safari hii hana cheko. Kasema babu, sasa ziache zipumzike. Usizioshe mpaka wiki ijayo iishe. Usizipulizie upepo wa nguvu. Na usijaribu kichwa kingine kabla hujakizoea hiki.

Nimemsikiliza kwa heshima zote. Mtani wangu kaona nitamnyang'anya wateja! Mara moja kasema kweli, ilikuwa bahati mbaya, leo karudi kwenye asili yake. Kwa hiyo nimeshaamua kinyume, vitu vitatu kwa vitatu. Kesho asubuhi naosha. Nimewaandikisha watoto sita wa mtaa huu, mama zao wamekubali, wameona kazi. Na kivulini ni kupoteza muda: nimeazima gereji pampu ya kujazia upepo matairi ya lori. Vichwa sita nitavikausha kwa dakika mbili, vyote kwa mpigo.

Anayebisha haya amuulize Chausiku, ndiye mwenye kichwa. Amuulize Deogratias kinyozi, ila asimuulize habari za umeme. Yupo na muuza mihogo. Marietha msimuulize. Yule ni mtani, atawaambia ukweli.