Mngoni Apita Uhehe kwa Baiskeli

Jumatatu, 2 Julai 1956. Mbeya.

Siku mbaya, halafu nzuri. Asubuhi Bwana Othmani, mwenye duka ninaloshonea barazani, kaniambia mwisho wa mwezi cherehani yake anampa mpwa wake. Mpwa mwenyewe hata kutunga uzi hajui! Bila cherehani mimi si fundi tena, ni mkulima, na jembe na mimi hatupatani tangu utoto.

Mchana nikaona tangazo ukutani. Mashindano ya baiskeli, Mbeya hadi Iringa, siku tatu, kuanzia Jumamosi. Zawadi ya kwanza: cherehani mpya ya miguu! Nimeandikisha jina papo hapo. Nimemwambia mke wangu Siwema aanze kutafuta pa kuiweka. Ameuliza tangu lini mimi mtu wa mbio. Swali la kukatisha tamaa.

Jumatano, 4 Julai.

Mazoezi. Hadi Uyole. Kwenda vizuri sana. Kurudi, nimepakiwa kwenye lori la viazi.

Tatizo ni Kalinga. Mwashi, Mhehe, mapaja kama magogo. Kanipita akienda, kanipita tena akirudi, na mara zote anapiga mluzi. Huyu kwa miguu hashindwi. Atashindwa kwa akili.

Na jioni akili ikaja! Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Babu zetu walichinjana vitani, sisi wajukuu ni watani. Mtani naweza kumnyang'anya kitu chochote mbele za watu, naye haruhusiwi hata kununa. Lazima acheke. Basi nitamnyang'anya njia nzima mpaka abaki na fremu tupu. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Ijumaa, 6 Julai.

Nimemweleza Siwema mpango. Kasikiliza huku anachagua mchele. Kisha akauliza barabara inaelekea wapi. Nikasema Iringa. Akauliza Iringa wanakaa akina nani. Nikamwambia mambo ya mashindano ni magumu, asijisumbue. Akaendelea na mchele wake.

Jumamosi, 7 Julai. Igawa.

Ushindi juu ya ushindi! Tumeanza watu kumi na mmoja. Kabla ya filimbi nimemnyang'anya Kalinga pampu, nikatangaza kwa sauti kwamba ni utani. Umati ukapiga makofi. Chimala, tuliposimamishwa kupumzika, nimechukua mkate wake na mayai manne ya kuchemsha. Hapa Igawa, kofia.

Anacheka tu. Anacheka kupita kiasi, naona. Kaniuliza kama Wangoni wote ni hodari hivi. Nikasema mimi ni wa kawaida. Akasema basi vizuri, kesho kutwa tutakuwa kwao, watu wake watafurahi kunijua. Maskini, amekumbuka nyumbani. Mayai yalikuwa matamu.

Jumapili, 8 Julai. Sao Hill.

Sielewi kilichotokea.

Asubuhi Kalinga kaondoka na njaa yake, kwa kasi kubwa. Mimi nikafuata taratibu, nikimsubiri achoke. Nilipovuka Makambako mambo yakaanza. Akina mama watatu wenye majembe wamesimama katikati ya barabara. Wakaniuliza kama mimi ndiye yule Mngoni. Nikafurahi kuona najulikana, nikakubali. Wakachukua kengele. Nikataka kufoka, wakanikumbusha kwamba mtani hanuni. Nikacheka. Inauma kucheka hivyo.

Kijiji cha pili wamechukua pampu na kofia, eti mali ya ndugu yao. Cha tatu, viatu. Kumbe kila anapopita, Kalinga anatangaza kwamba nyuma anakuja Mngoni! Si haki. Kutumia desturi namna hiyo ni ujanja mtupu.

Nimeingia Sao Hill gizani, miguu mitupu, baridi ya kukata masikio. Mzee mmoja wa Kihehe kanipa blanketi na ugali wa moto, akasema mtani huibiwa lakini halali njaa. Nikamshukuru kwa moyo wote. Sasa hivi nimetoka nje kabla ya kulala, nimekuta kachukua kiti cha baiskeli.

Jumatatu, 9 Julai. Iringa.

Maili hamsini bila kiti! Nimesimama juu ya pedali kama mtu anayechungulia ukuta. Hata hivyo nilikuwa nimeanza kushika kasi, na tumaini limerudi kabisa. Nikajiambia huenda Kalinga amepata pancha. Pampu hana.

Ifunda wakaniua. Sisemi kwa mfano. Akina mama kama ishirini walinishusha, wakanilaza kwenye mkeka, wakanifunika kanga mpaka kichwani, wakaanza msiba. Walilia kweli! Mmoja aliomboleza kwamba marehemu alikufa kwa uroho wa mayai manne. Nikasema niko hai. Wakasema hata kuzimu Mngoni hanyamazi. Mpaka nijikomboe ndipo nifufuke, nami sikuwa na kitu ila shati, nililolishona mwenyewe, kola mbili. Wamelichukua. Wamenipa kanga.

Nimeingia Iringa nimejifunga kanga. Wa tisa. Wawili waliobaki waliacha mashindano Chimala. Kalinga alifika mapema, wa kwanza, akaoga, akala, akaja kunipokea. Nilipoiona ile cherehani mezani, nyeusi, inang'aa, machozi yalinitoka. Akilini nilimwona Siwema huko Mbeya ameshika jembe, ananingoja.

Jumanne, 10 Julai. Iringa.

Nimeipata!

Asubuhi kulikuwa na kukabidhi zawadi. Kalinga kaitwa, kashangiliwa. Basi nikaruka, nikaikumbatia cherehani kwa mikono miwili, nikapaza sauti: utani! Watu wakavunjika mbavu. Wengine wakabisha kwamba cherehani ni kubwa mno. Wengine wakasema desturi haikutaja ukubwa. Kalinga akacheka mpaka akakaa chini. Mwisho akatamka mbele ya wote: yeye ni mwashi, kushona hajui, nichukue. Nikiifikisha Mbeya ni yangu daima. Ila niibebe mwenyewe kwa baiskeli, kwa barabara ile ile, naye leo hii anatuma habari mbele. Akaongeza kwamba haendi mbali, ataisubiri hapa hapa kwao, itarudi yenyewe kabla ya Ijumaa.

Hanijui. Nimeshaifunga kwenye keria, chuma chake na meza yake, uzito wa mbuzi wawili. Naondoka alfajiri. Na mpango safari hii hauna tundu: mtu yeyote akinisimamisha, nitamwambia mimi ni Mhehe. Kihehe najua neno moja la salamu, kamwene. Nimelifanyia mazoezi jioni nzima, linatosha.