Maiki Yenye Utepe Mwekundu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanzisha bendi. Ya panki! Magitaa ya kukwaruza, ngoma za kukimbizana, na sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mama aliposikia neno panki alinitazama kichwani, akasema ninyoe nitakavyo ila nisiache nywele bafuni. Nikamweleza kuwa huu ni muziki. Akasema afadhali zingekuwa nywele.

Tuko watatu. Mimi kiongozi, mwimbaji na mpiga gitaa (nyuzi nne, mbili zilikatika). Mdogo wangu wa kike, msusi wa saluni ya njia panda, atapiga besi aliyoazima kwenye kwaya. Hajawaambia kwaya ni ya nini. Na Sufuria, ngoma. Sufuria ni rafiki yangu tangu darasa la tatu, alipokuwa akipiga masufuria ya mama yake mpaka jina likamganda. Sasa ni fundi baiskeli, na ngoma zake ameziunda mwenyewe kwa mapipa ya rangi, ndoo moja, na vile vibati vya baiskeli vya kukinga matope badala ya matoazi.

Mazoezi ni kwenye stoo ya mjomba. Mjomba hukodisha viti, maturubai na vipaza sauti kwa harusi na misiba, nami ni msaidizi wake. Napanga viti. Napangua viti. Stoo imeshikana ukuta na ukumbi wa mtaa, na ukumbini humo, Jumamosi ya wiki ijayo, kuna tamasha la vijana. Nimeshatuandikisha. Naona kabisa watu wamesimama juu ya viti nilivyopanga mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Mzozo wa jina. Sufuria kapendekeza tujiite Samahani Jirani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwelewesha kuwa panki haiombi samahani. Jina ni Upele. Mdogo wangu akasema hawezi kumwinamia mteja kichwani huku akimtangazia Upele. Tukapiga kura. Wao wawili, mimi mmoja. Nikawakumbusha kuwa kura ya kiongozi huhesabiwa mara tatu.

Halafu Sufuria akatoa wimbo alioutunga huku akiziba pancha. Unaitwa "Panga Viti". Maneno yake ni panga viti, pangua viti, mgeni rasmi kachelewa, basi. Alisema kautunga kwa ajili yangu. Nikamshukuru, nikamwambia hauna hasira. Tutaimba wangu, "Sitaki". Mdogo wangu akauliza ni nini hasa nisichokitaka. Nikamwambia huo ndio uzuri wake.

Sufuria hakubisha. Ndiyo kasoro yake, habishi. Anakunja tu kile kikaratasi na kukirudisha mfukoni.

Jumatano, 5 Juni

Nimeona ngoma! Ngoma za dukani, nyekundu, zinang'aa mpaka mtu anajiona. Nilikuwa napeleka viti nyumba ya pembeni, dirisha likiwa wazi. Mwenyewe ni kijana wa rika letu aitwaye Mtoto wa Daktari, ingawa baba yake hutibu ng'ombe. Nikamuuliza kama anapenda panki. Akasema anapenda chochote kitakachomtoa nyumbani.

Sijalala mchana kama kawaida yangu. Nimewaza. Sufuria ni mtu mwema lakini ngoma zake zinanuka rangi, na siku ile ya tamasha ndoo itaonekana kuwa ndoo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Labda hawakumaanisha mpiga ngoma, lakini pia hawakusema kuwa hayumo.

Shida ni namna ya kumwambia. Nimepata njia. Sitamwambia. Nitamjaribu kwanza Mtoto wa Daktari, mambo mengine yatajipanga yenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Sufuria kapita kazini. Dada yake anaolewa Jumamosi, sherehe ni ukumbini kwetu. Ananitaka nikae naye meza ya familia. Ameshonesha mashati mawili yanayofanana, lake na langu, kwa sababu mama yake husema sisi ni pacha waliozaliwa nyumba mbili.

Jumamosi hiyo hiyo ndiyo nimemwita Mtoto wa Daktari stoo. Sina siku nyingine! Nikamwambia Sufuria tumbo linanisokota, sidhani nitafika. Akashangaa tumbo la Jumamosi kuanza leo. Nikasema ni aina ile inayoanza mapema.

Jioni akaniletea dawa, kaifuata mbali kwa baiskeli ya mteja. Akasimama mpaka nikainywa. Nimeinywa kwa aibu, na sasa tumbo linasokota kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Ya leo natamani yasiandikike.

Asubuhi nilipanga viti vya harusi, nikajishika tumbo, mjomba akaniruhusu nikalale. Sikwenda kulala. Kabla hajafunga vyombo ukumbini nilichukua maiki moja. Mjomba ana maiki mbili zisizo na waya, zote hutoa sauti kupitia kisanduku kimoja kinachokaa na vipaza sauti. Moja ina utepe mwekundu shingoni. Kila mtu anajua nyekundu ni alama ya ubovu, na kitu kibovu hakiulizwi kimekwenda wapi. Ndiyo niliyochukua.

Mtoto wa Daktari akaingiza ngoma zake kwa mlango wa nyuma. Nikawasha maiki, kimya, kama nilivyotarajia. Nikaendelea kuishika, kwa kuwa mwimbaji asiye na maiki ni mtu anayepiga kelele tu. Na kwa kuwa nimeishika, nikaongea kama niko jukwaani. Ukuta ulinirudishia sauti, nikadhani ni mwangwi wa stoo. Nikamweleza kila kitu. Kwamba nimembeba Sufuria mgongoni tangu darasa la tatu. Kwamba mapipa yake yangefaa zaidi kuhifadhia maji. Kwamba sasa hivi yuko harusini amevaa shati la pacha, na mimi nimemdanganya kwa tumbo, na nitamtoa kwenye bendi baada ya kumwomba atubebee vyombo siku ya tamasha, maana ana mikono yenye nguvu. Kisha nikaimba "Sitaki" yote, pamoja na yale mayowe ya mwisho.

Ng'ambo ya ukuta ukumbi ulikuwa umenyamaza. Kisha kicheko kikubwa. Nikajisemea wazee wa upande wa bwana harusi ni wacheshi.

Mjomba akaingia na suti yake. Hakunigombeza. Alichukua maiki mkononi mwangu, akaizima, ndipo akaeleza polepole, kwa namna ya mtu anayemweleza mgonjwa. Kisanduku kilikuwa ukumbini, kimewashwa. Utepe mwekundu anaufunga yeye mwenyewe kila akitia betri mpya, kuonyesha maiki iko tayari. Miaka miwili nimefanya kazi hapo. Akasema sasa ameelewa kwa nini wateja wake hulalamika kila nikitumwa kuwapelekea maiki.

Nyuma yake mlangoni alisimama Sufuria, amevaa lile shati. Langu alikuwa nalo mkononi, limepigwa pasi. Nadhani alikuja nalo tangu mwanzo, kwa matumaini kuwa tumbo lingepoa.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekupisha."

Akaliweka shati juu ya kiti, akarudi kumsindikiza dada yake.

Jumapili, 9 Juni

Najuta. Nimejuta kitandani, nimejuta mezani, nimejuta nikioga. Shati linanikaa vizuri, jambo linalozidisha.

Mama karudi harusini na simulizi nzima. Anasema bibi harusi alikuwa katikati ya kuwashukuru wazazi, sauti yangu ikaingia ikisema mapipa. Anasema mama yake Sufuria hakucheka. Kisha akasema ulimi hauna mfupa, akanipa chai isiyo na sukari. Sijui kama alisahau.

Mtoto wa Daktari katuma ujumbe. Amejitoa. Anauliza kama haya ndiyo ninayomsemea rafiki wa tangu darasa la tatu, yeye wa tangu Jumatano nitamsemea nini. Swali la kipuuzi. Nimelifuta.

Mdogo wangu naye kajitoa. Alikuwepo harusini, ndiye aliyemsuka bibi harusi. Amesema neno moja tu kupitia mlango uliofungwa. Neno lenyewe ni jina la bendi yetu.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa Sufuria kuomba radhi. Nilijizoeza njiani, sentensi tatu fupi. Kwanza, nilikosea. Pili, wewe ni ndugu yangu. Tatu, nisamehe.

Nilimkuta amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Ndivyo anavyofanya kazi. Hupima gurudumu kwa sikio, akisikia linapokwaruza anakaza waya mmoja, anazungusha tena. Hakunifukuza. Alinisogezea kigoda.

Nikaanza vizuri. Nikasema nilikosea. Hapo nikaona nyuma yake ngoma zimepakwa rangi mpya, na kibati kimoja kimeongezwa. Kabla sijafika sentensi ya pili nikajisikia nikimwambia kile kibati kingekaa vizuri zaidi upande wa kushoto. Akasema asante, atajaribu. Gurudumu likazunguka. Nikauliza kama anaweza kuniazima hizo ngoma Jumamosi, maana jina langu bado limo kwenye tamasha.

Aliacha gurudumu mpaka likasimama lenyewe. Akasema Jumamosi atazihitaji.

Nimerudi nyumbani na sentensi mbili tumboni. Hizi ndizo zinazosokota kweli.

Jumamosi, 15 Juni

Tamasha. Nimepanga viti tangu asubuhi. Jina la Upele nililifuta mwenyewe kwenye orodha, mjomba alinitazama nikilifuta, akaniambia nifunge utepe mwekundu kwenye maiki ya jukwaani. Nikafunga. Kwa mara ya kwanza naushika nikijua maana yake.

Wa nne kuitwa walikuwa Samahani Jirani. Sufuria nyuma ya mapipa, kibati kikiwa upande wa kushoto. Mdogo wangu mbele na besi ya kwaya, anaimba kwenye maiki niliyoifunga utepe mimi. Sikujua kama ana sauti ile! Tunaishi nyumba moja. Katikati yao waliacha nafasi ya mtu mmoja, nikadhani wamesimama vibaya.

Wakaimba "Panga Viti". Kumbe ulikuwa na hasira, ila ilikuwa chini, unaipata ukingoja. Panga viti. Pangua viti. Mgeni rasmi kachelewa. Ukumbi mzima ukaitikia, vijana wakainua viti juu ya vichwa, hata mjomba alisahau kuwakataza. Ndiyo picha niliyoiona Jumatatu ile. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa mimi.

Kabla ya kushuka Sufuria aliomba maiki. "Huu wimbo una mwenyewe," akasema. "Ndiye aliyepanga hivi viti." Watu wakageuka kutafuta. Nilikuwa nyuma ya kipaza sauti kikubwa nimeshika waya ambao haukuhitaji kushikwa, nalia. Ningetoka. Nilingoja aseme jina langu, hakulisema, nikabaki pale pale.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi mdogo wangu kagonga mlango. Ile nafasi ya katikati ni yangu. Sufuria kasema gitaa la nyuzi nne linatosha, wimbo wenyewe una noti nne. Mjomba kawaruhusu stoo. Mazoezi saa kumi, nije tu, hakuna atakayesema kitu.

Nilikwenda chumbani nikacheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikaanza kufikiri. Sikupaswa kufikiri.

Nije tu? Kama nani? Hakusema kiongozi. Na jina litakuwa lile lile la kuomba samahani?

Saa kumi nilikuwa ukumbini napangua viti vya jana, gitaa begani, ukuta mmoja kutoka kwao. Nikajiambia niingie wakishaanza, nionekane nimetoka kwenye shughuli. Wakaanza. Nikajiambia baada ya ubeti wa kwanza. Walipofika mahali pa gitaa walinyamaza wote, wakaniachia. Nilisikia kimya chenyewe kupitia ukuta. Kisha Sufuria akahesabu, wakaendelea. Wakarudia wimbo, wakaniacha tena. Vidole vilikuwa tayari kwenye nyuzi. Mara ya tatu hawakuacha nafasi, walipita moja kwa moja, na wimbo haukudhurika.

Sikuingia. Kiongozi hapigi hodi. Wakinitaka kweli watakuja mara ya pili, na hapo ndipo tutazungumzia jina.

Najuta, sisemi uongo. Nimejuta kuliko nilivyowahi kujuta. Lakini aliyejuta amejifunza, nami sasa nimekomaa kiuongozi. Jioni hii nimeanzisha bendi mpya. Mwanachama wa kwanza ni kinyozi aliye jirani na saluni anayosukia mdogo wangu, mtu mpole, ana tarumbeta ya marehemu babu yake. Kafurahi mpaka kaninyoa bure. Ataziba pengo kwa sasa, mpaka nimpate anayejua kupiga. Mwenyewe bado sijamwambia. Nimeyasema haya stoo nikiwa peke yangu, kwa sauti ya chini, na maiki nimeitoa betri kwanza.